Andika Kwamba Huji

Tazrut, 11 Septemba 1994

Kwa kaka yangu Haddou,

Pokea salamu za nyumbani, za mama kwanza, kisha zangu. Tu wazima, isipokuwa mgongo wa mama ambao unaujua. Kondoo wetu mwenye sikio moja alizaa mwezi uliopita, mtoto akafa siku ya tatu. Matufaha mwaka huu ni madogo. Mama na mimi tunachuma katika mashamba ya watu kule bondeni, na jioni tunapewa yaliyodondoka, tunayakata na kuyaanika.

Shule yangu imekwisha. Nilifaulu, lakini bweni la mjini lilijaa kabla hawajafika kwenye jina langu, na mama hakutaka nilale kwa watu tusiowajua. Sikulia sana. Nakuambia ili usije ukasikia kwa mwingine.

Sasa jambo lenyewe. Ni boriti kuu ya chumba cha moto. Ule ufa uliouona mwaka juzi sasa unameza vidole vyangu vinne, na udongo unadondokea kwenye unga. Ule mti wa mwerezi aliouacha baba bado umelala nyuma ya ukuta, umekauka vizuri, haujaoza hata kidogo. Kinachokosekana ni mikono ya kuunyanyua. Jirani Mzee Bassou anasema ni kazi ya watu kumi, siku moja tu, na watu wapo. Lakini unajua kwetu. Ujima wa dari huitwa na mwanamume wa nyumba, akiwa amesimama juu ya dari yake. Mjane asiye na mtoto wa kiume watu humjia bila kuitwa. Sisi tuna wewe. Hakuna atakayegusa dari yetu kabla hujafika, maana itakuwa kama kukutukana mbele ya kijiji.

Theluji huanza katikati ya Novemba. Siku tatu zako zinatosha. Mama anasema usilete kitu, uje na mabega yako tu.

Mdogo wako,
Itto


Casablanca, 2 Oktoba 1994

Kwa Itto, kijipaka cha nyumbani,

Nakubusu paji la uso, na umbusu mama mikono yote miwili kwa niaba yangu, halafu kichwa. Mimi ni mzima wa afya. Mji huu una joto hata sasa, watu wanatembea na shati moja. Usisikitike kwa shule. Mimi niliiacha mapema kuliko wewe na tazama, sijafa.

Kuhusu boriti, mwambie mama asiwe na wasiwasi. Nitakuja Jumamosi moja ya mwezi huu, basi la asubuhi. Siwezi kusema ni ipi kwa sababu kazi yangu ni ya usimamizi, na msimamizi hatoki hovyo. Nimempa dereva wa basi mita nane za nailoni nzito, mzichukue. Zipigilieni madirishani kwa vipande vya mbao, msitumie misumari mitupu, itachanika. Udongo wa kukandika dari uchanganyeni na makapi ya shayiri na chumvi, chumvi isipungue. Na hiyo nailoni isiwekwe chini ya udongo hata Bassou akisema nini, udongo utateleza wote.

Na Bassou asipande darini kwetu. Mwambie mwenye dari anakuja.

Kaka yako,
Haddou


Tazrut, 30 Oktoba 1994

Kaka Haddou,

Salamu kutoka kwa mama, na kutoka kwa Bi Izza mke wa Mzee Bassou, ambaye anauliza kama huko mjini umepata mke au umepata tumbo. Nailoni ilifika. Ahsante. Tumefunika madirisha mawili, na la tatu tumeliziba kabisa kwa mawe na udongo, kwa hiyo chumba cha nyuma ni giza sasa.

Jumamosi nne zimepita. Ya kwanza mama alimchinja yule jogoo mwekundu. Alikaa kwenye jiwe la barabarani tangu basi la asubuhi hadi la alasiri. Jogoo tulimla Jumatatu. Jumamosi ya pili alikwenda tena, ya tatu akanituma mimi, ya nne hakuna aliyekwenda, ila mama alifagia ua mara mbili.

Nikueleze tulipofika. Dari tumeikandika sisi wawili, udongo, makapi na chumvi kama ulivyosema. Kuni tunazo mizigo kumi na minne ya mwaloni, nimeileta mgongoni kutoka msituni, miti mikavu tu ili mlinzi asitukamate. Samadi ya kondoo nimeikata matofali na kuyakausha. Tumehamia chumba kimoja, sisi na unga na vitunguu, ili tuwashe moto mmoja. Nyufa za ukutani nimeziba kwa sufu chafu, na juu ya sufu nikabandika karatasi za madaftari yangu kwa uji wa unga. Nilianza na hesabu, kisha jiografia. Insha nimeziacha kwanza. Ukikaa karibu na moto unasoma mito ya Afrika.

Lakini boriti inalia. Si kupasuka, inalia kidogo mama anapopita juu. Mzee Bassou alisikia alipokuja kuazima kamba.

Akasema, "Tuda, shemeji yangu, niruhusu niwaite vijana kesho. Tutasema Haddou ndiye aliyetuma."

Mama akasema, "Alikutuma?"

"Hakunituma."

"Basi kunywa chai yako. Mwanangu anakuja."

Bi Izza akadakia, "Anakuja, anakuja! Hata Siku ya Kiyama inakuja, lakini hatujalaza boriti kwa ajili yake."

Mama alimwondolea bilauri kabla hajamaliza. Hawajasemezana tangu siku hiyo.

Baada ya hapo mama aliing'oa ile mihimili miwili ya kitanda chake cha kufumia, akaisimika chini ya boriti. Kwa hiyo mwaka huu hafumi. Zulia la watu alilolianza amelikunja na uzi wake.

Kaka, mimi si mtu wa maneno mengi na wewe ni mkubwa wangu. Nisamehe kwa haya. Kama unakuja, njoo. Kama huji, andika kwamba huji. Mstari mmoja tu. Nikiusoma, mama atawaruhusu watu waje kama wanavyokwenda kwa mjane yeyote. Ahadi yako ndiyo inayowazuia mlangoni.

Itto


Casablanca, 9 Novemba 1994

Itto,

Salamu kwa mama. Mimi ni mzima.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikidhani mwandiko si wako. Unanifundisha nini cha kuandika? Unataka nimwandikie mama kwamba nyumba ya baba yangu haina mwanamume? Unajua hilo neno likitoka halirudi? Watu watakuja, ndiyo, watalaza boriti, na kuanzia hapo kila Iddi watatuletea nyama kama wanavyowaletea mafukara. Bassou atakaa mahali pa baba. Unataka hivyo?

Kazi hapa imezidi kwa sababu baridi imeanza. Nakuja kabla ya theluji. Msomee mama hivyo: kabla ya theluji. Lile joho la baba liko wapi? Lipigeni jua lisiliwe na nondo, nitalivaa siku ya kuita watu.

Haddou


Tazrut, 21 Novemba 1994

Kaka Haddou,

Tunakusalimu. Joho la baba lipo kwenye msumari wake, tumelipiga jua. Mama alikohoa wiki nzima, sasa amepata nafuu kwa vitunguu na asali kidogo aliyoleta Bi Izza. Aliiacha kizingitini bila kubisha, kwa sababu ya ule ugomvi.

Theluji ilianza tarehe kumi na saba. Tulipoamka ilikuwa imefika magotini. Tulipanda mimi na mama, tukaiondoa kwa majembe ya mbao. Nilimwomba ashuke. Akasema mwenzake juu ya dari ni mimi peke yangu, nami sijakomaa. Aliteleza mara moja, akashika ukingo. Tulipomaliza upande mmoja, upande wa pili ulikuwa umejaa tena. Siku ile mihimili ya kufumia ilizama kwenye sakafu kiasi cha upana wa kiganja. Sasa tunalala tukiwa tumeegemea ukuta wa mlango, na kondoo tumewaingiza ndani upande ule wa boriti. Mama ndiye aliyechagua. Alisema, "Ikianguka, ianguke kwa wanyama."

Kuna jambo jingine, naliandika polepole. Dada yake Bi Izza anakaa huko Casablanca. Alikuona. Anasema wewe ndiwe unayelisha moto wa hamamu, bafu la watu wote la mtaa wao, kule chini nyuma ya ukuta, kwa vumbi la mbao na maganda ya lozi, na kwamba unalala palepale. Mimi sikushangaa. Barua zako zina moshi tangu mwanzo, na vidole vyako vimeacha masizi pembeni mwa karatasi. Sikumwambia mama. Kaka, hakuna aibu. Naelewa sasa kwa nini baridi ikianza ndipo unapobanwa zaidi. Watu wanataka maji ya moto.

Lakini mimi nalala chumba kimoja na ile boriti. Unawapashia joto watu usiowajua hata sura, nasi unatutumia neno "nakuja". Sikuandika hivi kukuumiza. Au labda nimekusudia kidogo, sijui.

Nimekuandikia maneno yenyewe ili usihangaike. Nakili tu kwa mkono wako:

"Mama, kazi imenizuia. Mwaka huu siji. Waache watu waje."

Maneno tisa. Nimeyahesabu.

Itto


Casablanca, 3 Desemba 1994

Itto,

Dada yake Izza ana macho mabovu na ulimi mzima.

Nakuja Ijumaa tarehe kumi na sita. Nimeshaongea. Msomee mama hilo na usimsomee jingine.

Haddou


Tazrut, 12 Desemba 1994

Kaka Haddou,

Mama ni mzima. Mimi ni mzima. Kondoo mmoja amekufa kwa baridi, yule mwenye sikio moja. Naandika haraka kwa sababu dereva anaondoka baada ya adhuhuri, na nataka barua hii ikufikie kabla hujapanda basi.

Barua yako ililetwa na Mzee Bassou jana, kutoka gulio la Jumapili. Mama aliketi kama anavyoketi siku zote, mikono mapajani, akasema, "Soma." Nilifungua. Nikaona "nakuja". Juu ya kichwa chake udongo ulikuwa unachuruzika kama unga kwenye chekeche. Nikasoma: "Mama, kazi imenizuia. Mwaka huu siji. Waache watu waje."

Sijawahi kumdanganya mama katika maisha yangu, hata kwa sukari.

Akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Akaniuliza, "Ameandika na salamu?" Nikasema ndiyo, ameandika salamu.

Akasimama, akalitoa joho la baba kwenye msumari, akatoka nje bila viatu vya theluji. Nilimfuata. Alimkuta Mzee Bassou anapasua kuni, akamtupia joho mikononi. Akasema, "Lishike wewe. Nyumba yangu haina mwanamume." Mzee Bassou hakulivaa. Alilikunja mkononi kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Bi Izza alitoka na unga vidoleni, nikadhani atasema lake. Alimshika mama kiunoni tu, akamwingiza ndani penye moto, akasema, "Nikanyage miguu, Tuda, miguu yangu ina joto. Nikanyage."

Leo asubuhi walikuja bila kuitwa. Kumi na watatu. Walitoa udongo, wakashusha boriti ya zamani, wakapandisha ule mwerezi wa baba kwa kamba na kelele. Mmoja alisema mti huu ni mzito kama mkwe mpya, wakacheka, halafu wakakumbuka wako nyumba gani wakanyamaza. Nikiandika haya wamekwishakuulaza na wanapanga mafito. Mama anawapikia. Anawahudumia kwa kichwa kilichoinama, kama siku ya matanga ya baba.

Kaka, usije tarehe kumi na sita. Njoo baadaye, majira ya kuchipua, nitakuwa nimempoza. Nakuomba usije sasa.

Itto


Casablanca, 27 Desemba 1994

Itto,

Barua yako ya tarehe kumi na mbili niliikuta hapa niliporudi. Mwenye hamamu alikuwa ameichomeka kwenye tundu la ukuta. Ilifika siku ile ile niliyopanda basi.

Ndiyo, mwenye hamamu. Mnajua wote, basi nami nijue.

Niliomba siku nne. Akasema moto haujui siku nne, ukitoka usirudi. Nikatoka. Kwa mara ya kwanza nilitoka kweli. Basi liliishia mji wa bondeni, na kutoka hapo nilitembea kwa miguu mpaka Tazrut kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa na theluji, na njia nzima nilikuwa nafikiria nitakavyosimama juu ya dari na kuita jina la kila nyumba. Nilikuwa nimeshapanga nianze na nani.

Ulikuwepo, lakini nataka usome nilivyoona mimi.

Mama alifungua mlango. Hakunikumbatia. Alisema, "Karibu, umetoka mbali." Alinitandikia ule mkeka wa wageni, pale juu, mbali na moto. Alininawisha mikono kwa birika la shaba. Mimi, mwanawe. Nilipotaka kuinuka nichukue mkate mwenyewe, akasema, "Keti, mgeni hainuki." Nikatazama juu nikaona boriti mpya. Nikamuuliza nani aliita watu. Akasema, "Hakuna aliyeita. Walikuja." Nikaelewa maana yake, Itto. Mtu yeyote wa kwetu angeelewa. Nilidhani amechoka kuningoja akasema mwenyewe. Nikadhani nimestahili. Nikanywa chai bilauri tatu kama mgeni, asubuhi nikaaga.

Na wewe ulikuwa umesimama mlangoni, umeshika taulo. Ulitazama chini muda wote. Ungesema neno moja. Wewe unayejua kuhesabu maneno.

Sasa wamepata mtu mwingine wa kulisha moto. Nalala kwa rafiki, wiki hii, nyingine sijui.

Mwambie mama ukweli. Mwambie niliandika "nakuja" na nilikuja.

Haddou


Tazrut, 15 Januari 1995

Kaka Haddou,

Salamu. Ramadhani inakaribia na Bi Izza ameanza kukaanga ufuta. Theluji imefika kwenye madirisha, lakini chumba kina joto na boriti haitoi sauti yoyote. Siku ya kwanza sikulala kwa sababu ya kimya hicho.

Ulisema kweli. Nilikuwa na taulo mkononi na sikusema. Si kwamba niliogopa mama atanipiga. Niliogopa kwamba nikisema, ataona aibu aliyoibeba mbele ya watu kumi na watatu ilikuwa ya bure, na kwamba mimi ndiye niliyemvika. Nikajiambia nitasema ukiondoka. Ukaondoka, nikajiambia nitasema kesho. Ndiyo maana siwezi kukulaumu tena kwa "nakuja" zako. Nimejua zinavyotengenezwa.

Nilimwambia baada ya barua yako. Tulikuwa tunachambua sufu. Nilimweleza yote, na yale maneno tisa. Hakuacha kuchambua.

Akaniuliza, "Aliandika nini, kweli yake?"

"Aliandika anakuja."

"Na barua ya kabla ya hiyo?"

"Anakuja."

"Na ya kabla yake?"

"Anakuja, mama."

"Basi hukunidanganya. Ulinisomea zote tatu kwa pamoja."

Nikasema, "Lakini safari hii alikuja, mama. Aliacha kazi akaja kwa miguu."

Mikono yake ilisimama hapo. Sufu ilikuwa imemjaa mapajani. Nilidhani atalia. Akasema, "Alikuja theluji ikiwa imeshashuka mara tano. Ningemfanyaje? Nimwambie Bassou arudishe joho, nimwambie boriti ishuke ili yeye aipandishe?" Kisha akaniambia nitoke nikatazame kondoo.

Nilipokuwa nje nilimsikia. Sikurudi ndani mpaka aliponyamaza.

Jumapili iliyopita Mzee Bassou alileta bahasha yako nyingine. Niliuona mwandiko wako. Nikanyoosha mkono kama kawaida, na mama akaipokea yeye. Aliitia kifuani, akajifunga shali, akaenda nayo kwa mwalimu wa msikitini akasomewe. Hakunitazama vibaya. Alikwenda tu, katika theluji yote ile, ilhali mimi nilikuwa nimekaa pale pale.

Sijui uliandika nini. Aliporudi alipasha mikono moto, akasema, "Kaka yako anakusalimu." Nikangoja. Hakuongeza. Karatasi hajanionyesha mpaka leo. Kama ulimwomba msamaha sijui, kama ulinisema mimi pia sijui.

Jana usiku aliniambia nichukue kalamu, akanipa maneno ya kukuandikia. Alinifanya niyasome kwa sauti nilipomaliza, halafu asubuhi akapeleka karatasi kwa mwalimu ayasome tena, ahakikishe. Ndiyo haya:

"Mwanangu Haddou. Tumepata barua yako. Nyumba ina joto. Ukitaka kuja, mlango uko wazi, ila tuarifu mapema, tukutandikie."

Ni maneno yake. Sikuongeza, sikupunguza.

Itto